Hodi Kutoka Kwenye Friji

Simu ilitetemeka juu ya rafu ya sabuni, na Mama Pasi hakuigeukia. Alikuwa na shati la mtu mkononi, shati jeupe la pamba lenye ukaidi, ukilinyoosha huku linajikunja kule, na mvuke ulikuwa umemlowesha uso mpaka masikioni. Simu ikatetemeka tena. Mara ya tatu ikaanza kutembea yenyewe kuelekea ukingo wa rafu.

"Mumeo anatafutwa," akasema mwenzake wa meza ya pili, mwanamke ambaye pale kwa dobi wote walimwita Redio kwa sababu hazimwi.

"Wamsubiri."

"Watu gani hawa, hawana asubuhi wala jioni? Na wewe ndiye unayewadekeza."

Mama Pasi akaisimamisha pasi, akaidaka simu kabla haijaanguka, akasoma. Mtu wa nchi asiyoijua alikuwa ameandika: "Fundi, nimefuata maelekezo yako yote na kifaa hakifanyi kazi. Nijibu haraka." Chini yake mwingine: "Fundi upo?" Na wa tatu, ambaye hata salamu hakuwa nayo: "Hii bodi yako mbovu."

Fundi hakuwepo. Fundi alikuwa udongoni miaka kadhaa sasa, na majani ya juu yake yameshafyekwa, yakaota, yakafyekwa tena. Aliyekuwa akijibu kwa jina lake ni huyu mjane wake, mpiga pasi, kwa kidole kimoja chenye makovu ya kuungua, huku mashati ya wenyewe yakimngoja. Na tusidanganyane, alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Ni ule ambao ukiamka, nao unaamka.

Akaandika, "Pole sana. Hebu tazama waya wa kipima joto kama umekaza vizuri." Akairudisha simu kwenye rafu, akalirudia shati.

Sasa huyu Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa fundi wa friji, mrefu, mwenye ndevu za kupanda na kushuka kutegemea kama kumbukumbu ya wembe ilimjia, na alikuwa na ugonjwa wa kutoa. Ukimwomba bisibisi anakupa na mkoba. Kazi yake ilimkera kwa jambo moja: siku zote aliitwa mambo yakiwa yameshaharibika. Friji imekufa tangu jana, nyama imeanza kunuka, maziwa yameganda mabonge, ndipo wanakumbuka kuna fundi. Alikuwa akirudi nyumbani na harufu hiyo kwenye nguo, na chakula kilichooza kilimuuma kuliko hata friji yenyewe.

Akaketi mezani pake miezi na miezi, akaunguza kitambaa cha meza kwa chuma cha kulehemu, akaunguza na meza, hatimaye akatoka na kibao kidogo cha saketi, cha kukaa kiganjani. Kina kipima joto, kina betri yake chenyewe ili umeme ukikatika kisife, na kina kinyundo. Baridi ikipungua ndani ya friji, kinyundo kinagonga ubavu wake, na hakikomi mpaka baridi irudi. Akakiita Mlinzi.

"Kwa nini kinyundo?" mkewe alimuuliza siku ile. "Wenzako wanaweka kengele."

"Mlio wa mashine mtu anauzoea," Fundi akasema. "Utalia, atasema ah, hiyo tena, ataendelea na mambo yake. Lakini sijaona binadamu aliyesikia mlango unagongwa akabaki ameketi."

Na kilivyogonga ndivyo alivyogonga yeye. Ngo-ngo. Kimya kidogo. Ngo. Maana huyu bwana aliyewatengenezea majirani hata vitasa vya milango alikuwa hajui funguo zake zilipo, na kila jioni ilikuwa hodi. Mkewe akiuliza "Nani?" anajibiwa "Mwenye nyumba." Basi humchelewesha makusudi, anamalizia kukunja nguo, anafunika chungu, na yule huko nje anagonga tu, ngo-ngo, ngo, mpaka mke aseme, "Nimesikia." Akishasema hivyo, kunanyamaza. Miaka yote ya ndoa ilipita hivyo, na hakuna aliyefikiria kuchonga ufunguo wa pili.

Mlinzi alipokamilika Fundi akamwaga kila kitu mtandaoni: mchoro, programu, vipande vinavyohitajika na mahali pa kuvipata. Akaandika kwa mkono wake kwamba anayetaka achukue, atengeneze, hata auze akipenda, bila kumuuliza mtu. Sharti moja tu, atakayeboresha naye aweke alichoboresha hadharani, wenzake wachote. Mkewe akamwambia kwamba amelea mtoto kisha amemweka njiani. Fundi akacheka. Akasema mtoto wa njiani ndiye anayelelewa na wengi.

Kweli wakamlea. Kwanza walikuja wale wapenda vifaa, watu wa kuajiriwa mahali pengine ambao siku ya mapumziko wanajifungia na nyaya na kugombana na wake zao. Mwalimu mmoja akakifunga kwenye friji ya maabara. Mzee mmoja mfugaji, aliyejiita Baba Vifaranga, akakigeuza kilinde joto la mayai yake ya kuatamisha. Halafu yakaja maduka: wauza nyama, wauza dawa, wauza maua. Wengine waliandika kushukuru. Wengi walichukua wakaenda, na hiyo ilikuwa haki yao.

Kisha moyo wa Fundi ukasimama, asubuhi, ana soksi moja mguuni na nyingine mkononi.

Watu wa msiba walipokuwa bado hawajakunja mikeka, simu ya marehemu ililia. Alikuwa Baba Vifaranga. "Fundi, Mlinzi anagonga hakomi, na mayai yamo ndani. Nifanyeje?" Mama Pasi akaanza kuandika kwamba Fundi amefariki. Akayatazama maneno hayo kwenye kioo cha simu, akaona kwamba mayai hayana kosa. Akatafuta nyuma, katika majibu ya zamani ya Fundi, akakuta mtu mwingine aliyewahi kuuliza jambo kama hilo, akanakili jibu, akatanguliza "pole sana" kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akatuma. Baadaye likaja neno: "Asante Fundi. Wamepona."

Alilisoma hilo neno mpaka macho yakamwasha. Kumbe kulikuwa na mahali duniani ambapo Fundi alikuwa bado mzima, ameketi mezani pake, anaunguza kitambaa. Ni nani angekuwa na moyo wa kwenda kumzika tena huko?

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Leo jibu moja, kesho mawili, akajikuta amekuwa Fundi. Wala tusimpambe kwa sifa zisizo zake: hakuwa mhandisi na hajawa mpaka leo. Alijua vitu vichache alivyovikariri, na alijua joto, kwa kuwa joto ndiyo kazi yake. Swali likimzidi kimo alikuwa na dawa yake. Anaandika, "Swali zuri hili. Wenzangu, mnaonaje?" Kisha anarudi kwenye mashati. Akija kutazama tena anakuta wameshajibizana, wametukanana kidogo, wamepatana. Anachagua jibu lenye watu wengi na matusi machache, anaandika, "Fuateni hilo." Wao wakaamini kuwa Fundi anawapima akili. Wengine walijisifu kwamba Fundi amewafundisha kufikiri.

Jambo moja tu hakuwaachia, nalo ni ile hodi. Kila baada ya muda hutokea mtu na pendekezo lake, tayari ameshaandika programu, anaomba tu Fundi aipitishe: tubadilishe sauti, tuweke mlio wa kawaida, watu wanachanganyikiwa. Yeye hujibu maneno mawili, "Sauti haibadilishwi." Wakimuuliza sababu huwapa ile ya Fundi, ya binadamu na mlango. Kuna msomi mmoja aliyeandika maelezo marefu kufafanua siri ya kihandisi iliyomo katika mpangilio ule wa ngo-ngo, ngo, na watu wakampongeza sana.

Siri yenyewe ilikuwa kwa muuza nyama. Siku moja, msiba ukiwa bado mbichi, Mama Pasi alisimama pale dukani akingoja chenji, na nyuma ya ukuta kukagongwa. Ngo-ngo. Ngo. Akageuka kama aliyeitwa. Muuza nyama akaenda zake kutazama friji, hajui amefanya nini. Tangu hapo njia ya kutoka kazini ikawa ya kuzunguka kupitia duka lile, ingawa nyama yenyewe hali sana. Mara nyingi hakusikia kitu. Siku nyingine alisikia, na siku hiyo alifika nyumbani akiwa mwepesi.

Sasa unaelewa kwa nini alikataa. Lakini kukataa hakukumpunguzia mzigo. Maswali yaliongezeka kadiri maduka yalivyoongezeka, na waliopewa bure ndio waliokuwa wakali kuliko wote. Shukrani ya punda ni mateke. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unavimba kwa kusimama, na usiku aliota nyaya. Binti yake, muuguzi wa mji wa mbali, alikuwa hampigii simu bila kulirudia lile lile.

"Mama, funga hiyo akaunti. Baba mwenyewe angefunga."

"Baba yako hakuwahi kufunga kitu. Hata mlango."

"Basi wape wengine waendeleze."

"Nani? Wote wanataka kuuliza, hakuna anayetaka kujibu."

"Utakufa na simu mkononi, mama."

Hakubisha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na binti alikuwa anasema kwa mapenzi, ila hakujua kilichokuwa ndani ya kanda lile. Hakuwahi kumwambia habari za hodi. Angeanzia wapi?

Ndipo ukaja ujumbe wenye adabu. Ulitoka kwa mhandisi wa kampuni moja ya maziwa. Alisalimu kwanza, akaeleza kwamba kampuni yao hukusanya maziwa ya wafugaji katika vituo vingi, na kila kituo kina tangi la kupozea. Vifaa vya kununua vimewashinda, vikiharibika hakuna anayeruhusiwa kuvifungua. Wamemjaribu Mlinzi katika vituo vichache, wamempenda, wanataka kumweka kila mahali. Tena hawataki kuchukua tu na kwenda zao. Wataweka wafanyakazi wao wawili, kazi yao iwe kujibu maswali ya watu wote, wa kampuni na wasio wa kampuni, na kurekebisha kasoro, na kila kitu kibaki wazi kama alivyotaka Fundi. "Umebeba mradi huu peke yako muda mrefu," mhandisi akaandika. "Tungependa upumzike."

Mama Pasi alilisoma neno la mwisho akiwa amesimama katikati ya mvuke. Halafu akasoma lililofuata. Kulikuwa na ombi moja tu: sauti ibadilishwe.

Akajibu kwamba sauti haibadilishwi. Mhandisi akajibu kwa upole kwamba katika hali hiyo watalazimika kutengeneza Mlinzi wao wa pembeni, jambo ambalo sharti la Fundi linaliruhusu, lakini hapo watu watagawanyika na Fundi atabaki na Mlinzi wake na mzigo wake. Hapendi iwe hivyo. Je, anaweza kuja waonane ana kwa ana?

Na yeye, kwa uchovu au kwa kitu gani sijui, akamwelekeza nyumbani.

"Hebu tuelewane," akasema Redio, ameinua pasi juu na haiteremshi. "Umemwalika mtu aje kuonana na marehemu?"

"Nimemwalika aje."

"Na akimtaka?"

"Nitamwambia ametoka."

"Ametoka kweli huyo," akasema Redio, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanyamaza.

Mhandisi alifika alasiri, siku ambayo Mama Pasi hakuwa na zamu. Aligonga kwa kiganja, pa pa pa, kama watu wengine. Alikuwa kijana aliyeanza kuukaribia utu uzima, viatu vina tope la vituoni, macho ya mtu anayelala kwenye gari. Akaamkia, akaitikiwa, akakaribishwa kiti. Akatazama ile meza yenye alama za kuungua, vibao vya saketi vilivyopangwa kwenye bati, koleo zilizoning'inizwa kwa ukubwa wao, na friji ya kona yenye Mlinzi wa kwanza kabisa, aliyefungwa kwa utepe. Aliitazama kwa heshima mpaka Mama Pasi akaona haya.

"Fundi yupo, mama?"

"Ametoka."

"Basi nitamsubiri."

Akamletea chai. Kijana akanywa, akaanza kueleza mwenyewe, asije akaonekana mkaidi. Alisema si kwamba hawaoni hekima ya Fundi. Mtu hawezi kweli kuketi mlango ukigongwa. Tatizo ni kwamba anakwenda mlangoni.

"Tuna mama mmoja, mlinda kituo," akasema. "Anakaa peke yake, kituo kipo mbali na watu. Siku moja akasikia hodi. Akaenda kufungua, hakuna mtu. Akarudi kuketi, hodi tena. Akafungua, hakuna. Akadhani ni watoto wanamchezea. Unajua alifanya nini? Alichukua fimbo, akaenda kujibanza nyuma ya mlango awakamate."

Mama Pasi akacheka. Hakutaka, kicheko kikamtoka tu, akaziba mdomo kwa upande wa kanga.

"Sisi pia tulicheka," mhandisi akasema. "Lakini alikaa na fimbo yake mpaka tangi likawa la uvuguvugu. Maziwa ya kijiji kizima. Tulipofika tuliyamwaga mtaroni, na wenyewe wamesimama wanatazama. Wengine walikuwa wameamka kabla ya jua kuyaleta."

Kicheko kikamwisha. "Mkamfukuza?"

"Hapana, kosa si lake. Ila hataki tena kukaa pale peke yake. Tulimweleza kuwa ni kifaa, akasema ameelewa, lakini kikigonga moyo unamruka vile vile. Alifiwa na mumewe mwaka jana, mama. Anasema ni kama kuna mtu anataka kuingia na yeye hamwoni."

Mama Pasi alikuwa anaitazama friji ya kona. Ile siku ya kwanza baada ya mazishi, umeme ulipokatika, nayo ilimgongea. Alikimbia. Alikimbia na kanga moja, akaangusha kigoda, akafungua mlango wazi kabisa, na nje palikuwa na barabara tu. Alisimama pale mpaka jirani akaja kumshika mkono. Chakula chote cha msiba kilichobaki kiliharibika ndani ya friji hiyo, na hakumwambia mtu kilivyoharibika.

"Samahani," akasema mhandisi, akatazama saa kwa kuibia. "Fundi atachelewa?"

"Utasubiri sana, mwanangu," akasema Mama Pasi. "Fundi alikufa zamani. Ni mimi niliyekuwa nakujibu."

Kijana akaweka kikombe chini. Mama Pasi akaona afadhali amalize maadamu ameanza, akamweleza yote kwa sauti ile ile ya kuhesabu mashati: mayai, "wenzangu mnaonaje", na hodi ni ya nani.

"Pole, mama," mhandisi akasema. Akazungusha kikombe. "Basi tuiache. Nitaongea na wakubwa. Tutabandika karatasi ukutani kila kituo: ukisikia hodi, tazama tangi. Watazoea."

Alikuwa anasema kweli, ilionekana. Na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu kama mtu angemlazimisha angeweza kumkasirikia, angekataa, angebaki na hodi yake na mzigo wake na mguu wake wa kushoto. Huyu alikuwa ameuacha mlango wazi, aingie mwenyewe au asiingie.

Akamfikiria yule mama na fimbo yake. Alijua alichokisikia kule nyuma ya mlango; hakuna aliyejua kuliko yeye. Akamfikiria na Fundi, jinsi alivyokuwa akirudi na harufu ya vilivyooza, akikaa hapo hapo kwenye kiti hicho bila kutaka kula. Mtu yule angeambiwa kwamba hodi yake imemwaga maziwa ya kijiji, asingeuliza mara mbili. Angeitoa siku hiyo hiyo, tena angejilaumu mwaka mzima.

"Nisogezee hiyo kompyuta," akasema.

Ilikuwa ya Fundi, herufi zimefutika kwenye vitufe vingi. Pendekezo la mhandisi lilikuwa hapo, limengoja majuma. Mama Pasi akavaa miwani, akasoma kila mstari ingawa nusu hakuielewa, maana kupitisha kitu bila kukisoma ni utovu wa adabu. Kisha akaweka mshale juu ya neno "Kubali".

"Mlio wenu ukoje?"

"Wa kawaida tu. Tii, tii, tii."

"Mbaya sana."

"Mbaya, mama. Ndiyo maana wataenda kuuzima."

Akabonyeza. Halafu, kabla mkono haujapoa, akawaandikia watu wote waliokuwa wakimwandikia Fundi. Hakuandika marefu. Alisema Fundi alifariki, alisema lini, alisema aliyekuwa anajibu ni mke wake, mpiga pasi, anaomba radhi kwa waliodanganyika, na kwamba kuanzia sasa maswali yapelekwe kwa vijana wa maziwa. Akamaliza kwa kusema amechoka. Alifikiria kulifuta hilo la mwisho, akaliacha.

Mhandisi aliaga kwa mikono miwili. Alimwachia Mlinzi mpya, wa mlio mpya, ndani ya kiboksi, akasema atarudi kumfungia akitaka. Mama Pasi akasema ataona.

Alipokuwa anaosha kikombe, simu ikatetemeka mezani. Alikuwa Baba Vifaranga, wa kwanza kufika siku zote. "Mama, pole," aliandika. "Mimi nilijua tangu yale mayai. Fundi alikuwa mtu mzuri lakini hakuwahi kumwambia mtu pole. Nilinyamaza kwa sababu niliona na wewe unamhitaji. Sasa lala."

Alikaa na simu hiyo mkononi. Alilia kidogo, kilio cha mtu mzima, kisichokuwa na sauti wala haraka. Halafu akajifuta, akaizima simu, na haikuwa imewahi kuzimwa tangu siku ya msiba.

Bado palikuwa na mwanga wa kutosha nje. Akaenda kwenye friji ya kona, akatoa maziwa na mchuzi wa jana, akaviweka kwenye beseni la maji, maana hata katika upuuzi mtu asiharibu chakula. Akachomoa waya ukutani. Akauacha mlango wa friji wazi ili isimcheleweshe, akarudi kukunja nguo zake mwenyewe, ambazo siku zote hukunjwa mwisho. Hakuwa na haraka.

Ngo-ngo. Kimya kidogo. Ngo.

Aliinuka. Hakwenda kwenye friji. Alikwenda mlangoni, kama yule mama wa kituoni, kama wote waliowahi kumlalamikia, na hakukimbia safari hii. Akafungua. Barabara ilikuwa pale pale. Jirani wa ng'ambo alikuwa anaanua nguo kwenye kamba.

"Una mgeni?" jirani akauliza.

"Hapana."

Nyuma yake kuligongwa tena. Akasimama kizingitini, akasikiliza mpaka mwisho, ngo-ngo, ngo, kisha akaufunga mlango taratibu.

"Nimesikia," akasema.

Akachomeka waya, akarudisha maziwa na mchuzi, akafunga friji. Kinyundo hakikukoma, kwa sababu friji haipoi kwa kuambiwa. Akavuta kiti cha Fundi mpaka pale, akaketi, akaegemeza kichwa ubavuni mwa friji ili kila pigo limpite shavuni. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anangoja jibu lake. Kati ya hodi moja na nyingine usingizi ukamchukua, na kinyundo kilipokoma hakujua.